Mashine ya kadi dukani: Ipi inaifaa biashara ya familia?

Ni saa tatu usiku. Mtoto ana homa tangu jioni, amepimwa zahanati na mama yake ameandikiwa dawa ambazo pale hazipo. Anaingia duka la dawa lililo karibu na kituo cha daladala. Pochini ana Sh4,000 na kadi ya benki. Simu imezima chaji.

"Dada, mnapokea kadi?"

"Hatuna mashine, dada yangu. Kama una hela kwenye simu, namba ya kulipia ile pale ukutani."

Mama anatoka kwenda kutafuta ATM, mtoto kamlalia begani. Muuzaji naye anarudisha dawa kwenye shelfu. Mmoja amecheleweshewa dawa ya mwanawe, mwingine amekosa mauzo, na huenda wote wawili ni wazazi.

Mzazi aliyewahi kuumwa na mtoto usiku hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini upande wa pili wa kaunta nao una maswali yake. Maduka mengi ya aina hii ni ya familia: duka la dawa la mama, saluni ya dada, mgahawa wa mume na mke. Uamuzi wa kuchukua au kutochukua mashine ya kadi hufanyika nyumbani baada ya chakula cha usiku, na gharama yake hutoka kwenye fungu lilelile la ada na kodi ya nyumba.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni, "Mashine ipi ni nzuri?" Swali linaloweza kuiokoa familia ni jingine: fedha ya biashara yetu inaingiaje, na tunaihitaji lini?

Si kila mashine inayotoa risiti ni ya kadi

Juu ya kaunta moja kunaweza kuwa na mashine tatu zinazofanana kwa umbo, zote zikitoa kikaratasi cheupe. Kazi zake ni tofauti kabisa.

Ya kwanza ni mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi inayosimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo ilianza kutumika nchini mwaka 2010. Hiyo hurekodi mauzo kwa ajili ya kodi. Haichukui fedha kwenye kadi ya mtu.

Ya pili ni mashine ya wakala wa benki. Mteja huchanja kadi yake na kupewa fedha taslimu, au huweka fedha kwenye akaunti. Hapo hajanunua kitu.

Ya tatu ndiyo inayozungumziwa hapa: mashine ya POS ya malipo. Mteja hununua bidhaa au huduma, analipa kwa kadi, na fedha huhamia kwenye akaunti ya mfanyabiashara.

Tofauti hii ina maana kwa pande zote mbili. Mteja aliyelipa kwa kadi akapewa risiti ya POS pekee bado ana haki ya kudai risiti ya EFD, kwa kuwa moja inathibitisha malipo na nyingine inathibitisha mauzo. Mfanyabiashara naye asidhani kwamba kwa kuwa na POS ameshamaliza mambo ya TRA.

Kupitisha, kuchomeka, kugusisha

Kabla ya kuchagua mashine, ni vizuri kuelewa kadi inasomwaje. Zipo njia tatu.

Njia ya zamani ni utepe mweusi ulio nyuma ya kadi, unaopitishwa kwenye mfereji wa mashine. Utepe huu ulizaliwa miaka ya 1960 kwenye kampuni ya IBM nchini Marekani. Mhandisi Forrest Parry alikuwa akihangaika jinsi ya kuubandika utepe wa sumaku kwenye kadi ya plastiki bila kuuharibu. Alipolieleza tatizo hilo nyumbani, mkewe alikuwa akipiga pasi nguo, akapendekeza ajaribu joto la pasi. Likakubali.

Udhaifu wa utepe ni kwamba taarifa zake hazibadiliki. Anayefanikiwa kuzinakili anaweza kutengeneza kadi nyingine. Ndiyo maana unaondoka taratibu: kampuni ya Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba hadi kufikia 2033 kadi zake zote hazitakuwa na utepe.

Njia ya pili ni chipu, kile kidude cha rangi ya dhahabu au fedha mbele ya kadi. Kadi huchomekwa, mteja anaandika namba ya siri. Chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila muamala, hivyo aliyenasa msimbo wa leo hawezi kuutumia kesho.

Njia ya tatu ni kugusisha. Kadi yenye alama ya mawimbi manne husogezwa karibu na mashine, umbali wa takribani sentimita nne, na malipo yanafanyika. Kwa kiasi kidogo cha fedha, mara nyingi mashine haiombi namba ya siri. Ni haraka kwa mama mwenye mtoto mkononi, lakini pia ina maana kadi hiyo ikipotea ni lazima benki ijulishwe mara moja ili ifungwe, si kesho asubuhi.

Kwa hiyo mashine yoyote inayochukuliwa leo iwe na uwezo wa kusoma chipu na kugusisha. Inayosoma utepe pekee, hata ikitolewa bure, si zawadi.

Aina za mashine na maduka yake

Mashine ya mezani. Hii hukaa sehemu moja, imeunganishwa na umeme na mara nyingi na waya wa intaneti. Inafaa maduka makubwa, hospitali na sehemu ambazo mteja huja kaunta. Katika maduka makubwa huunganishwa na kompyuta ya mauzo, hivyo kiasi hujiandika chenyewe bila keshia kukosea sifuri. Tatizo lake ni umeme. Ukikatika, nayo imelala, isipokuwa duka lina jenereta au betri ya akiba.

Mashine ya kubeba yenye laini ya simu. Hii ndiyo inayoonekana zaidi kwenye migahawa, vituo vya mafuta na maduka ya kati. Ina betri, ina printa ndani yake na hutumia laini ya simu kupata mtandao. Mhudumu huipeleka mezani kwa mteja, jambo ambalo lina faida kubwa ya usalama: kadi haiondoki machoni pa mwenyewe. Kabla ya kuichukua, mwenye duka ajaribu mtandao wa kampuni ile ya simu palepale kaunta, si mlangoni. Duka lililo chini ya ghorofa lenye nondo nyingi linaweza kuwa na mawimbi hafifu ingawa barabarani simu inakamata vizuri.

Mashine ya kisasa ya skrini. Hii inafanana na simu kubwa yenye printa na hutumia mfumo wa Android. Mbali na kuchanja kadi, inaweza kusoma msimbo wa QR, kuweka orodha ya bidhaa na kuonyesha mauzo ya siku. Inamfaa mwenye duka la dawa anayetaka kujua dawa ipi imeisha bila kuhesabu vidonge usiku. Lakini betri yake huisha haraka, bei yake ni kubwa, na ikianguka sakafuni skrini hupasuka kama ya simu.

Upo pia upungufu mwingine usioonekana haraka. Mashine za vitufe huwa na kinundu kwenye namba 5 ili mtu asiyeona aweze kujua vidole vyake viko wapi. Kwenye skrini laini kinundu hicho hakipo. Bibi mwenye mtoto wa jicho au mteja asiyeona hulazimika kumtajia mtu mwingine namba yake ya siri. Duka lenye wateja wazee lifikirie hilo.

Kisomaji kidogo kinachounganishwa na simu. Hiki ni kidude cha ukubwa wa kiganja kinachowasiliana na simu ya mfanyabiashara kwa Bluetooth. Simu hufanya kazi ya skrini na mtandao, kidude husoma kadi. Aina hii ilipata umaarufu kupitia kampuni ya Square ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2009 baada ya mmoja wa waanzilishi wake, Jim McKelvey, ambaye pia hutengeneza sanaa za vioo, kukosa mauzo kwa sababu hakuweza kupokea kadi ya mteja. Inamfaa anayefuata wateja: mshonaji, mpambaji wa harusi, mkunga au mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayehudumia nyumbani. Mara nyingi haina printa, risiti hutumwa kwa ujumbe wa simu.

Simu yenyewe kuwa mashine. Simu yenye teknolojia ya NFC hupakuliwa programu maalumu ya benki au kampuni ya malipo, kisha mteja anagusisha kadi nyuma ya simu. Apple ilianza kutoa huduma ya aina hii kwenye iPhone nchini Marekani mwaka 2022, na kwa simu za Android ilikuwepo kabla. Hakuna kifaa cha kununua. Lakini kadi isiyo na alama ya mawimbi haiwezi kutumika, na simu hiyo haifai kuwa ndiyo ileile ambayo mtoto anachezea michezo jioni.

Msimbo wa QR na Lipa Namba. Hizi si mashine za kadi, lakini ndizo washindani wake wakubwa, maana gharama ya kuanza ni kibao tu ukutani. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) imeweka kiwango cha kitaifa cha msimbo huo, TANQR, ili mteja wa benki au mtandao mmoja aweze kulipa duka lililosajiliwa kwingine. Kwa biashara ndogo ambayo wateja wake wengi wanalipa kwa simu, hapa ndipo pa kuanzia. Kadi iongezwe pale wateja wanapoiulizia.

Hesabu ambayo hufanywa nusu

Kila malipo ya kadi hukatwa kiasi kidogo kutoka kwa mfanyabiashara. Makato hayo hugawanywa kati ya benki iliyotoa kadi, mtandao wa kadi na benki iliyotoa mashine. Viwango hutofautiana kwa kila mkataba, hivyo hesabu ifuatayo ni ya mfano tu.

Tuseme makato ni asilimia 2.5. Mwenye duka la dawa ameuza dawa za Sh10,000 alizonunua kwa Sh8,500. Makato ni Sh250. Wengi huishia hapo na kusema ni fedha ndogo. Lakini faida yake ilikuwa Sh1,500, kwa hiyo makato yamechukua moja ya sita ya faida.

Sasa mwenye saluni. Amesuka kwa Sh10,000 na vifaa vimemgharimu Sh3,000. Makato ni yaleyale Sh250, lakini faida yake ni Sh7,000. Yamechukua chini ya asilimia nne ya faida.

Mashine moja, makato mamoja, mzigo tofauti. Biashara ya faida nyembamba kama dawa au vyakula vya jumla inapaswa kuuliza zaidi kabla ya kusaini kuliko biashara ya huduma.

Kisha kuna gharama isiyotegemea mauzo. Baadhi ya mikataba ina kodi ya mashine kwa mwezi au kiwango cha chini cha mauzo. Kama kodi ni Sh30,000 na mauzo ya kadi kwa mwezi ni Sh600,000, hiyo peke yake ni asilimia tano juu ya makato mengine. Kwa duka la namna hiyo, mkataba wa makato makubwa kidogo bila kodi ya mwezi unaweza kuwa nafuu zaidi.

Fedha inaingia lini?

Hapa ndipo familia nyingi zinaweza kukwama. Mauzo ya kadi hayaingii kwenye droo. Huingia kwenye akaunti, na kulingana na mkataba inaweza kuwa siku hiyo, kesho yake au baada ya siku kadhaa. Sikukuu na mwisho wa wiki huweza kurefusha muda huo.

Mwenye duka la dawa anayefunga hesabu Ijumaa usiku akiwa na mauzo mazuri ya kadi anaweza kuamka Jumamosi hana fedha ya kulipa mzigo wa jumla. Biashara haijapata hasara, ila fedha haipo mkononi. Wasiolijua hili hulalamika kuwa mashine imeua mtaji.

Swali la kumuuliza ofisa wa benki kabla ya kusaini ni moja: "Nikiuza Ijumaa saa tatu usiku, fedha yangu nitaiona lini?" Jibu liwemo kwenye mkataba.

Kuna faida pia. Fedha iliyo kwenye akaunti hailiwi kidogo kidogo. Inajulikana biashara imeingiza kiasi gani, na taarifa hiyo husaidia wanandoa kuzungumza kwa takwimu badala ya kutuhumiana. Ila akaunti inayopokea malipo iwe ya biashara, na mume na mke wakubaliane mapema nani anaitoa na kwa kazi gani.

Namba ya siri haiagizwi dukani

Katika nyumba nyingi, dada wa kazi au mtoto mkubwa hutumwa dukani. Kumpa kadi na kumtajia namba ya siri ni kumweka kwenye majaribu na pia kwenye hatari. Fedha ikipotea, hata kama ni kosa la mtandao, wa kwanza kulaumiwa ni yeye. Ni heri apewe fedha taslimu ya kutosha, au mzazi alipe mwenyewe kwa Lipa Namba akiwa kazini na kumtumia muuzaji uthibitisho.

Dukani, mteja aandike namba ya siri mwenyewe, akifunika vitufe kwa mkono wa pili, baada ya kusoma kiasi kilichoandikwa kwenye skrini. Muuzaji hana sababu ya kuijua namba hiyo, wala ya kuandika kwenye daftari zile tarakimu tatu zilizo nyuma ya kadi. Viwango vya kimataifa vya usalama wa kadi vinakataza biashara kuhifadhi tarakimu hizo na namba ya siri baada ya malipo kuidhinishwa.

Muamala ukigoma

Mashine imeandika "umekataliwa", lakini simu ya mteja imepokea ujumbe kuwa fedha imekatwa. Hapo ndipo ugomvi huanza. Mara nyingi mawasiliano yamekatika katikati ya safari, na fedha hurudishwa baadaye.

Jambo la kwanza ni kutochanja tena haraka. Muuzaji aangalie orodha ya miamala kwenye mashine au aipigie benki yake. Pili, achapishe risiti ya muamala uliokataliwa na kumpa mteja, kwa kuwa ndiyo ushahidi wake akienda benki. Tatu, kama ni dawa ya mtoto, duka liwe na njia ya pili iliyo tayari: Lipa Namba ukutani, waya wa kuchajia simu ya mteja, au daftari la kuandika jina na namba ya anayeaminika mtaani.

Kwa hospitali za umma utaratibu ni tofauti kidogo. Mgonjwa hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali wa GePG, na malipo hufanyika dhidi ya namba hiyo. Mzazi ahakikishe ameipata kabla ya kulipa, na asikubali kutuma fedha kwenye namba binafsi ya mtu.

Kile kikaratasi si cha kuchezea

Risiti nyingi za mashine hizi huchapwa kwa joto, si kwa wino. Karatasi yake hupakwa kemikali, na kwa miaka mingi iliyotumika zaidi ni bisphenol A, inayoweza kuingilia mfumo wa homoni mwilini. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo mkali wa kemikali hiyo kwenye karatasi za risiti kuanzia Januari 2020.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la PLOS ONE, ulionyesha kuwa kushika risiti za aina hii mara baada ya kupaka kitakasa mikono huongeza kiasi cha kemikali hiyo kinachopenya kwenye ngozi. Hii si sababu ya kuogopa risiti moja. Ni sababu ya keshia mjamzito anayeshika mamia kwa siku kunawa kwa maji na sabuni kabla ya kula, na ya mzazi kutompa mtoto mchanga risiti aichezee, maana haitachukua muda kufika mdomoni.

Karatasi hiyo pia hufifia. Ikikaa pochini kwenye joto, baada ya miezi michache inabaki nyeupe. Risiti ya hospitali, ya dawa za kudai bima au ya ada ya shule ipigwe picha siku hiyohiyo.

Kabla ya kusaini

Wanandoa wenye duka wanaweza kuanza kwa zoezi la wiki mbili lisilo na gharama. Kila mteja anayeuliza "mnapokea kadi?" anaandikwa kwa mstari mmoja kwenye daftari, pamoja na kiasi alichotaka kununua na kama aliondoka bila kununua.

Baada ya wiki mbili, jumla ya waliokosa huwekwa upande mmoja, na upande wa pili makato na kodi ya mashine kwa muda huohuo. Kama faida ya mauzo yaliyopotea inazidi gharama, mashine imejilipia hata kabla haijafika. Kama waliouliza ni wawili tu, kibao cha QR kinatosha kwa sasa.

Yule muuzaji wa saa tatu usiku alikuwa na mstari wa kwanza wa kuandika kwenye daftari lake: dawa ya homa ya mtoto, kadi, ameondoka.